Usinunue kingamwili kwa sababu kila mtu anaitumia

Najua nimepotea kwa muda, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nimezama kwenye kazi moja ya kifamilia, isiyo na malipo, iliyoanza kama programu ndogo ya kuhesabu picha na kuishia mbele ya friji ya maabara, tukibishana juu ya kichupa chenye matone mawili matatu ya maji.

Kama umekuja hapa kutafuta habari za Linux au hifadhidata, nivumilie leo. Nitazungumza biolojia, lakini ukifika mwisho utaona ni yale yale tunayolalamikia hapa kila siku kuhusu programu.

Ilivyoanza

Mpwa wangu anasomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Anachunguza seli za saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni mojawapo ya saratani zinazoua wanawake wengi nchini Kenya, na hasa kimeng'enya kiitwacho telomerasi. Mwaka jana alinijia nyumbani Jumapili moja na picha mia kadhaa alizopiga kwa darubini. Seli nyeusi, na ndani ya kila seli vidoa vya kijani vinavyong'aa.

"Mjomba, niandikie programu ya kupima huu mng'ao. Nikihesabu kwa macho nitazeekea humo."

Kazi ilionekana rahisi. Nikamwandikia kwa Python, jioni baada ya kutoka kazini, karibu wiki sita. Programu ilizitenga seli moja moja, ikapima mng'ao wa kila moja, ikatoa jedwali. Mpwa wangu alifurahi, msimamizi wake akafurahi, na mimi nikaanza kujiona mwanasayansi.

Lakini mwandishi wa programu ana tabia yake. Huwezi kuamini kipimo mpaka umekipa kitu kitupu ukaona kimesoma sifuri. Nikamwuliza, "Sifuri yako iko wapi? Niletee picha za seli ambazo hazina kabisa hicho unachokitafuta, nijue programu ianzie wapi." Akanyamaza. Hakuwa nazo. Alikuwa na picha zilizotiwa ile rangi peke yake bila kingamwili, na hizo zilikuwa nyeusi kama inavyotakiwa. Picha za seli zisizo na protini yenyewe hakuna aliyewahi kumwambia azitafute.

Akaulizauliza, akapata maabara nyingine hapa mjini yenye seli ziitwazo U2OS. Hizi ni seli za saratani ya mfupa ambazo hazitumii telomerasi kabisa, zina njia nyingine ya kujirefushia maisha. Akazipaka kwa utaratibu ule ule, akapiga picha, akanitumia. Nikaziingiza kwenye programu.

Zikang'aa. Vidoa vile vile, mahali pale pale, kwa kiwango kinachokaribiana na cha seli zake za mlango wa kizazi.

Sikulala siku mbili nikitafuta hitilafu kwenye msimbo wangu. Nilidhani nimechanganya majina ya faili, au kuna hesabu nimeikosea. Siku ya tatu akanipigia simu. "Mjomba, wacha kuhangaika. Nimeangalia kwa macho yangu mwenyewe kwenye darubini. Programu yako haina kosa. Kosa liko kwenye kichupa."

Kichupa chenyewe ni nini

Kwa wale wenzangu ambao biolojia tuliiacha kidato cha nne, nieleze kidogo.

Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kushika vitu vigeni. Wanasayansi wamezigeuza kuwa chombo cha kazi. Unamdunga sungura au panya kipande cha protini ya binadamu, mwili wake unatengeneza kingamwili za kukishika, unazivuna, kisha unazitumia kuitafuta protini hiyo ndani ya seli. Kingamwili ya pili, iliyofungwa rangi inayong'aa, inakuja kuishika ile ya kwanza. Ukiona mng'ao, unasema protini ipo hapo. Ukisikia mtafiti akisema "tuliona protini fulani", mara nyingi maana yake ni kwamba aliona rangi ya kingamwili aliyoinunua.

Sasa telomerasi. Ncha za kromosomu zetu zina herufi za DNA zinazojirudia, TTAGGG, maelfu ya mara. Ncha hizo huitwa telomeri, na kila seli ikigawanyika hupungua kidogo. Telomerasi ndiyo inayozirefusha tena. Carol Greider na Elizabeth Blackburn waliitangaza mwaka 1985 baada ya kuikuta katika kiumbe kidogo cha majini chenye seli moja, na mwaka 2009 walipata tuzo ya Nobeli pamoja na Jack Szostak.

Kimeng'enya hiki kina vipande. Kimoja ni RNA, inayotumika kama kielelezo cha kunakili. Kingine ni protini iitwayo TERT, ambayo ndiyo hasa inayoongeza zile herufi. Jeni ya TERT ya binadamu ilitambuliwa mwaka 1997. Seli nyingi za mwili wa mtu mzima huwa zimeizima, lakini saratani nyingi, takriban asilimia 85 hadi 90, zina telomerasi inayofanya kazi. Ndiyo maana watu wengi sana wanataka kuiona TERT, na ndiyo maana makampuni mengi sana yanauza kingamwili za kuionyesha.

Shida ni kwamba TERT ni adimu mno. Hata katika seli ya saratani inayoitumia, vipimo vya kuaminika vinazungumzia mamia tu ya molekuli kwa seli moja, wakati protini nyingine humo humo zipo kwa mamia ya maelfu au mamilioni. Fanya hesabu ya haraka. Chukua kingamwili inayoipenda TERT mara elfu moja zaidi ya protini jirani. Inasikika kama kingamwili nzuri ajabu, sivyo? Lakini kama ile jirani ni nyingi kuliko TERT mara elfu kumi, sehemu kubwa ya mng'ao unaouona ni ya jirani. Ni sawa na kumtafuta mtu mmoja Gikomba siku ya Jumamosi ukiwa umeambiwa tu kwamba amevaa shati jeupe. Utampata mtu, bila shaka. Ila siye uliyetumwa kwake.

Yaliyowapata waliotutangulia

Nilipoanza kusoma nikadhani ni mkosi wa mpwa wangu peke yake. La. Mwaka 2006 jarida la Journal of Cell Science lilichapisha kazi ya watafiti walioichunguza kingamwili moja ya TERT iliyokuwa ikitumiwa sana. Waligundua kwamba ilichokuwa ikishika ni protini nyingine kabisa, nukleolini.

Tazama jinsi mtego ulivyokuwa umejitega wenyewe. Nukleolini ipo kwa wingi katika kile kidoa kilicho ndani ya kiini cha seli, kiitwacho nukleoli. TERT nayo inajulikana kupita hapo. Kwa hiyo mtafiti akiona nukleoli imewaka, alitikisa kichwa kwa kuridhika: ndiyo, pale pale ilipotarajiwa. Tena seli za saratani zinazogawanyika haraka huwa na nukleolini nyingi kuliko seli zilizotulia. Kwa hiyo saratani iling'aa zaidi ya tishu ya kawaida, sawasawa na TERT ambavyo ingetakiwa kufanya. Kila jaribio lilipita, kwa sababu isiyo sahihi.

Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii. Umeandika jaribio la kukagua kazi yako, linapita kila mara, unafurahi. Kisha siku moja unafuta ile sehemu ya msimbo inayokaguliwa, na jaribio bado linapita. Hapo ndipo unapojua kwamba tangu mwanzo lilikuwa halikagui chochote.

Wala si TERT peke yake. Kundi la wanasayansi wa Montreal, Kanada, wanaojiita YCharOS, walichukua kingamwili 614 za madukani zinazolenga protini 65 na kuzijaribu zote kwa utaratibu mmoja: seli zenye protini kwa upande huu, seli zile zile zilizoondolewa jeni ya protini hiyo kwa upande ule. Matokeo yalitoka mwaka 2023 katika jarida la eLife. Walikuta kwamba, kwa wastani, kila protini ilikuwa na machapisho 12 hivi yenye takwimu kutoka kwa kingamwili isiyoitambua protini yenyewe. Kumi na mbili, kwa kila protini! Jambo la kutia moyo ni kwamba kampuni zilizoshiriki zilipoonyeshwa matokeo ziliondoa sokoni karibu asilimia 20 ya kingamwili zilizojaribiwa, na kubadilisha maelezo ya matumizi kwa karibu asilimia 40.

Msimamo wangu

Unapochagua kingamwili ya kununua, swali la kwanza lisiwe "ni wangapi wameitumia?" Swali liwe: nani ameionyesha ikizimika mahali ambapo protini haipo?

Nitatumia mfano wa fundi wa stima. Nenda Luthuli Avenue ukanunue testa, ile bisibisi yenye taa ndani. Muuzaji ataichomeka kwenye soketi, taa itawaka, atakuambia, "Umeona? Inafanya kazi." Fundi mwenye akili hamlipi bado. Anaigusisha pia kwenye waya usio na umeme. Testa inayowaka kwenye kila waya haina faida yoyote, hata kama imenunuliwa na mafundi elfu kumi na wote wakaipa nyota tano. Thamani ya testa iko kwenye kuzima kwake.

Kurasa nyingi za kuuza kingamwili zinaonyesha testa ikiwaka tu. Utaona picha nzuri yenye rangi, utaona neno "imethibitishwa", utaona orodha ya makala zilizoitaja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Shuka chini ya ukurasa utafute waya usio na umeme.

Kwa TERT, waya huo ni seli zilizoondolewa jeni kwa CRISPR, au angalau seli ambazo kwa asili hazina TERT kama zile U2OS. Ile ya kwanza ni bora, kwa kuwa unalinganisha seli na ndugu yake pacha na tofauti ni moja tu. U2OS na seli za mlango wa kizazi zinatofautiana kwa mambo mengi. Lakini kama kingamwili inawaka kwa nguvu kwenye U2OS, huhitaji kusubiri CRISPR ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Kuwa mwangalifu na ujanja mwingine ambao si wa uongo lakini unapotosha: picha ya seli zilizolazimishwa kutengeneza TERT kwa wingi kupita kiasi. Hiyo inathibitisha kwamba kingamwili inaweza kuiona TERT ikiwa imejaa tele. Haithibitishi kwamba itaziona molekuli mia chache katikati ya umati. Ni sawa na kuijaribu programu kwa rekodi kumi kwenye tarakilishi yako kisha kumwahidi mteja itabeba milioni kumi.

Jambo la pili, matumizi yawe yale yale yako. Kwenye kipimo cha westani bloti, protini huchemshwa, hunyooshwa na kupangwa kwa ukubwa. TERT ina asidi amino 1132, kwa hiyo unatarajia mstari karibu na kilodaltoni 127. Kwenye picha za darubini protini imekunjika na imeshikizwa mahali pake. Kingamwili inayofaulu huku inaweza kushindwa kule. Tena kwenye westani bloti una ukubwa wa kukusaidia, unaweza kuona kwamba mstari wako umekaa mahali pasipofaa. Kwenye darubini huna msaada huo, mng'ao wote ni kijani kile kile. Kwa hiyo uthibitisho wa westani bloti usiununulie kingamwili ya picha.

Jambo la tatu, angalia kingamwili imetengenezwaje. Za poliklonali ni mchanganyiko uliotolewa kwenye damu ya mnyama, na mnyama akifa mchanganyiko ule hautarudi. Za monoklonali, ambazo mbinu yake ililetwa na Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975 kule Cambridge, hutoka kwenye ukoo mmoja wa seli, ila seli nazo hubadilika au hupotea. Za rekombinanti zinatengenezwa kutokana na mfuatano wa DNA unaojulikana, kwa hiyo ya leo na ya miaka kumi ijayo zinaweza kuwa kitu kimoja. Katika majaribio ya Montreal hizi za rekombinanti ndizo zilizofanya vizuri zaidi kwa jumla. Mimi kama mtu wa programu huria naona raha kubwa hapo: hatimaye kingamwili yenye msimbo chanzo! Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wenzao zaidi ya mia moja, waliandika katika jarida la Nature kwamba kingamwili zote za utafiti zifafanuliwe kwa mfuatano wake. Lakini tusishangilie mapema, kwani wauzaji wengi bado wanauficha mfuatano huo. Na kuwa rekombinanti hakumaanishi kuwa sahihi. Kosa linalorudiwa kwa uaminifu kila mara bado ni kosa.

Pingamizi ninazozisikia

Nilipoyasema haya mbele ya marafiki wa mpwa wangu nilipata majibu matatu, na kila moja lina uzito wake.

La kwanza: "Profesa amesema maabara yetu yote hutumia hii." Simkosei profesa heshima. Lakini kumbuka kwamba kingamwili yenye machapisho mengi mara nyingi ina machapisho mengi kwa sababu ina machapisho mengi. Mmoja aliitumia, wa pili akamfuata ili matokeo yalingane, wa tatu akaona wawili wameitumia. Hakuna hata mmoja aliyeijaribu kwenye waya usio na umeme. Mpelekee profesa picha ya U2OS, kwa adabu, na umwulize yeye anaielezaje. Mpwa wangu alifanya hivyo, na msimamizi wake, baada ya kimya kirefu, alisema, "Basi turudi nyuma, mama." Nampa heshima kubwa kwa sentensi hiyo. Wengine wangesema weka picha hiyo kwenye droo.

La pili: "Hatuna pesa za majaribio." Hili ndilo linaloniumiza, maana ni kweli. Kichupa kimoja ni dola mia kadhaa za Marekani, kinalipiwa kwanza kupitia wakala, kinasafiri kwenye barafu, na ukikosea huwezi kukirudisha kesho kama charja ya simu. Lakini hesabu ndiyo hiyo hiyo inayonifanya niseme kinyume. Maabara tajiri ikinunua kingamwili mbovu inanunua nyingine wiki ijayo. Sisi tukinunua mbovu, ruzuku imekwisha. Mpwa wangu alipoteza miezi minane, nami wiki sita za jioni, kwa kitu ambacho sahani mbili za seli za kuazima zingekifichua katika wiki ya kwanza. Asiye na pesa za kujaribu ndiye hasa asiye na pesa za kukosea.

Na si lazima ununue gharama zote. Wauzaji wengine hutoa sampuli ndogo ukiomba. Seli huazimwa. Kwa protini nyingi, ripoti za wale wa Montreal zipo wazi kwenye mtandao, bure, unapakua na kusoma kabla ya kulipa hata senti. Andika barua pepe kwa muuzaji umwombe picha ya seli zisizo na jeni hiyo. Akikutumia, vizuri. Akikutumia tena ile picha nzuri ya matangazo, amekujibu pia.

La tatu: "Labda hakuna kingamwili nzuri ya TERT, tufanyeje?" Basi jiulize kama unaihitaji kweli. Swali la mpwa wangu lilikuwa kama seli zake zina telomerasi inayofanya kazi, na kwa kiasi gani. Tangu mwaka 1994 kuna kipimo kiitwacho TRAP kinachopima kazi yenyewe ya kimeng'enya, yaani kama zile herufi zinaongezwa au la. Unaweza pia kupima RNA ya jeni ya TERT. Na kama lazima uione protini yenyewe ikitembea ndani ya seli, kuna njia ya maabara ya Thomas Cech huko Colorado, ambayo mwaka 2016 ilitumia CRISPR kuibandika TERT lebo ya kung'aa moja kwa moja kwenye jeni yake. Si njia rahisi. Lakini watu wenye uwezo wa kununua kingamwili yoyote duniani waliona afadhali waihariri jeni yenyewe, na hilo linapaswa kutuambia kitu.

Tulipofika

Mpwa wangu ameacha zile picha. Seli zake sasa anazipima kwa TRAP, na RNA anaipima kando ili vipimo viwili visivyotegemeana vishuhudiliane. Atachelewa kuhitimu kwa muhula mmoja. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alinipigia kuuliza kama ni mimi niliyemcheleweshea mtoto na maswali yangu ya sifuri. Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na kama angehitimu kwa zile picha angehitimu na kitu kisichokuwepo. Sidhani ameniamini bado.

Ile kingamwili hatukuitupa. Tumeandika karatasi moja: jina lake, namba ya katalogi, namba ya toleo, utambulisho wake wa RRID, seli tulizotumia, jinsi tulivyozipaka, na picha mbili kando kwa kando. Hatujaandika kwamba ni mbovu. Tumeandika tulichokiona, kwa matumizi haya, kwa toleo hili. Mwingine akiipata ikifanya kazi kwenye kipimo tofauti, aandike naye.

Na hapa ndipo ninapowageukia nyinyi wenzangu wa programu. Tukikuta hitilafu kwenye maktaba ya programu huria hatunyamazi. Tunaifungulia ripoti, tunaeleza hatua za kuirudia, na mtu mwingine kule Kisumu au Kampala anaokoa siku yake. Kwenye maabara zetu, kingamwili ikishindwa habari hiyo inabaki kwenye daftari la mwanafunzi mmoja, anahitimu, anaondoka nalo, na mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine wa chumba cha pili anaagiza kichupa kile kile. Nimeanza kuandika hifadhidata ndogo ya kuweka ripoti hizi, zilizofaulu na zilizoshindwa kwa usawa. Kwa sasa ina rekodi moja tu.

Kama unafanya kazi maabara na una kichupa kwenye friji yako ambacho hujawahi kukijaribu kwenye seli zisizo na protini yako, fanya hivyo kabla ya kuagiza kingine. Chochote utakachokiona, niandikie. Rekodi ya pili inasubiri.